Namna ya Kufuatilia na Kuthibitisha Nasaba ya Ukoo wa Kitawala wa Ireland, kwa Mfano wa O'Donnell wa Donegal

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. "Bibi yangu alikuwa O'Donnell wa Donegal, na kwao wanasema walikuwa watawala. Nitajuaje?" Au: "Mume wangu ni O'Brien, je, watoto wetu ni uzao wa Brian Boru, yule mfalme wa kale wa Ireland?" Wengine wameshanunua ubao wenye nembo ya ukoo, wameutundika sebuleni, na sasa wanataka karatasi za kuutetea. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Hapa najibu wote kwa pamoja.

Natumia ukoo wa O'Donnell, kwa Kigaeli Ó Domhnaill, waliotawala Tír Chonaill, nchi ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo kaunti ya Donegal ya leo. Njia ni hiyohiyo kwa O'Neill, MacCarthy, O'Conor au O'Brien. Kitakachobadilika ni majina ya vitabu na ya mahali.

Sharti la kwanza halina msamaha: anza na aliye hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Anayeanza na mtawala wa mwaka 1600 na kushuka kuja kwake atafika tu, maana njiani atachagua kila mtu anayemfaa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la mtu mmoja aliyezaliwa Ireland, mwaka wake wa kuzaliwa hata kwa kukadiria, na jina la mzazi wake mmoja au la mwenzi wake. Jina la ukoo peke yake halitoshi kuanzia.
- Mahali. "Ireland" haitoshi, na "Donegal" pia haitoshi. Unatafuta kitongoji, eneo dogo kabisa la ardhi lenye jina lake. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na majina mengi yanajirudia.
- Daftari, au faili la kompyuta, lenye safu nne: dai, chanzo, tarehe uliyokiona, na kiwango cha uhakika. Mimi naandika A kwa hati ya wakati uleule wa tukio, B kwa nakala au muhtasari, C kwa simulizi.
- Orodha ya majina katika lugha tatu, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa Kigaeli, Kiingereza na Kilatini. Aodh huwa Hugh au Hugo. Ruairí huwa Rory, Roger au Rodericus. Domhnall huwa Daniel. Eoghan huwa Owen au Eugenius. Toirdhealbhach huwa Turlough au Terence. Calbhach huwa Calvagh au Charles.
- Subira ya miezi. Fedha si nyingi, kwani rekodi kubwa za mwanzo husomwa bure mtandaoni.

Machache ya kuelewa kwanza

Ó maana yake ni mjukuu au mzao, na Mac ni mwana. Binti wa Ó Domhnaill huitwa Ní Dhomhnaill. Katika karne za 17 na 18 familia nyingi ziliiacha ile Ó, zikaandikwa Donnell tu, kisha kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wengi wakairudisha. Kwa hiyo kuwepo au kutokuwepo kwa Ó hakuthibitishi lolote kuhusu cheo.

Urithi wa utawala haukumwendea kifungua mimba moja kwa moja. Mkuu wa ukoo alichaguliwa ndani ya kundi liitwalo derbfine, yaani wanaume walio wana, wajukuu na vitukuu wa mtu mmoja. Ndiyo maana ndugu na binamu walipigana sana, na ndiyo maana "mwana mkubwa wa mkuu" si hoja ya kudai ukuu.

La tatu ni moto. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts mjini Dublin iliteketea. Ziliungua sensa karibu zote za 1821 hadi 1851, wosia wa karne kadhaa, na madaftari mengi ya Kanisa la Ireland, yaani la Kiprotestanti. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe kabla ya hapo. Kila utakapogonga ukuta, kumbuka siku hiyo.

Hatua

1. Andika dai la familia, kisha liweke kando.
Wahoji wazee, rekodi sauti, piga picha barua na migongo ya picha za zamani. Waulize majina ya majirani, kanisa walilosali, na meli au mji waliofikia. Usiwaulize "je, tulikuwa watawala?" maana watakujibu unachotaka. Simulizi yote iingie C. Si kwamba wazee wanadanganya. Simulizi huhifadhi kiini, ikapoteza idadi ya vizazi: "babu yake babu" anaweza kuwa mtu wa miaka 100 iliyopita au 300.

2. Pata vyeti vya serikali.
Usajili wa vizazi, vifo na ndoa za watu wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa mapema zaidi, Aprili 1845. Nenda irishgenealogy.ie, tovuti ya serikali ya Ireland, uone picha za madaftari yenyewe bila malipo. Kwa sababu za faragha huoneshwa vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75 na vifo vya zaidi ya 50.

Anza na cheti cha ndoa, kwa sababu kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, hivyo kwa karatasi moja umepanda ngazi pande zote mbili. Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha kifo cha zamani cha Ireland hakitaji wazazi, lakini msome aliyetoa taarifa: mara nyingi ni mtoto au mkwe.

*Kosa la kawaida:* kutafuta kwa jina la parokia. Usajili ulifuata wilaya za sheria ya maskini. Kwa Donegal tafuta Glenties, Dunfanaghy, Letterkenny, Milford, Stranorlar, Inishowen, Ballyshannon au Donegal.

*Kosa jingine:* kuamini siku ya kuzaliwa kama msumari. Aliyechelewa kusajili alitozwa faini, kwa hiyo wazazi wengi walisogeza tarehe mbele. Mtoto akionekana amebatizwa wiki mbili kabla ya kuzaliwa, si muujiza, na huenda si mtoto mwingine.

3. Linganisha sensa za 1901 na 1911.
Hizi mbili zimesalia kamili na zipo bure kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ya 1911 inasema wanandoa wameoana miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Soma fomu yenyewe yenye saini ya mkuu wa kaya, usiishie kwenye orodha iliyochapwa na mashine.

Umri utakuchanganya. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70. Wengi hawakuwa na cheti chochote, na ghafla mtu wa miaka 55 mwaka 1901 anakuwa na 70 mwaka 1911. Wewe amini ya 1901 zaidi.

Hapohapo kuna zawadi ambayo wanaoanza hawaijui. Ili kuthibitisha umri wa mwombaji wa pensheni, maofisa walitafuta familia yake katika sensa za 1841 na 1851 zilizokuwa bado zipo. Sensa zikaungua, fomu za utafutaji zikabaki. Tafuta fomu hizo katika Hifadhi ya Taifa, kwani nyingine zinataja wazazi na kitongoji chao kabla au wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840.

4. Ishike ardhi.
Ukishajua kitongoji, fungua uthamini wa ardhi uliosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, ambao upo bure askaboutireland.ie pamoja na ramani. Unaonesha mpangaji, mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na thamani. Kabla yake kuna vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837. Majina ya Kigaeli ya vitongoji yahakiki logainm.ie.

Orodha hizi hazisemi nani ni mtoto wa nani. Zinasema tu nani alikuwa wapi. Lakini katika Donegal, ambako kitongoji kimoja kinaweza kuwa na kina Patrick O'Donnell wanne, mthamini aliongeza jina la baba kwenye mabano ili kuwatofautisha. Mabano hayo ni dhahabu. Sehemu hizo mpaka leo watu hutambulishana kwa jina la baba na babu mfululizo, Micí wa Séamus Mór, vile sisi tungesema Miki bin Yakobo, na majina hayo ya mtaani huweza kukupa vizazi vitatu ambavyo hakuna daftari linalovitaja. Muulize mzee wa kitongoji kama yupo.

*Tahadhari:* Donegal iko katika jimbo la kale la Ulster lakini ni sehemu ya Jamhuri ya Ireland, si Ireland ya Kaskazini. Nyaraka zake zitafute Dublin kwanza, kisha Belfast kwa za ziada. Kwa Tyrone ya kina O'Neill, hesabu hiyo inageuka.

5. Soma madaftari ya parokia.
Maktaba ya Taifa imeweka bure, registers.nli.ie, picha za madaftari ya Kikatoliki hadi karibu 1880. Yapo kwa picha tu, mara nyingi kwa Kilatini na mwandiko mbaya. Dublin na miji ya mashariki huanza karne ya 18. Parokia za magharibi na kaskazini, Donegal ikiwamo, nyingi hazina kitu kabla ya miaka ya 1820, na baadhi huanza baada ya 1850.

Nakili wasimamizi wa ubatizo pia, kila mara. Msimamizi mara nyingi ni shangazi, mjomba au kaka, na ndiye atakayekutofautishia Daniel mmoja na mwenzake. Mimi nilidharau safu hiyo mwaka wa kwanza, nikafuata familia isiyo yetu kwa miezi mitatu. Nilipoona wasimamizi wote wanatoka kitongoji cha pili, nikafuta kurasa 20.

6. Vuka bonde la kati ya 1650 na 1830.
Hapa ndipo madai mengi hufa. Juu yako kuna nasaba za watawala zinazoishia karne ya 17. Chini yako kuna vyeti na parokia. Katikati kuna karibu miaka 180 ambamo Mkatoliki wa kawaida hakuandikwa kwa karibu lolote. Wanaouza shajara, yaani michoro ya nasaba, huruka bonde hili kwa mstari mmoja ulionyooka. Wewe tafuta mawe ya kukanyagia.

Orodha za kodi ya meko za miaka ya 1660 zimebaki kwa nakala kwa baadhi ya kaunti, Donegal ikiwamo. Ramani na madaftari ya upimaji wa ardhi wa miaka ya 1650, yaliyowekwa mtandaoni na Chuo cha Trinity, Dublin, yanaonesha ardhi ilikuwa ya nani mwaka 1641 na akapewa nani baadaye. Ushahidi wa walioathirika na uasi wa 1641 upo chuoni hapohapo na unataja maelfu ya watu kwa majina na makazi.

Ofisi ya Usajili wa Hati, Dublin, ilianza 1708. Mikataba ya ndoa na upangaji humo hutaja hata vizazi vitatu pamoja. Lakini sheria kandamizi za wakati huo zilimzuia Mkatoliki kupanga ardhi kwa zaidi ya miaka 31, hivyo kina O'Donnell wengi hawamo. Sheria ya 1704 iliagiza shamba la Mkatoliki ligawanywe kwa wana wote, isipokuwa mkubwa akiingia Kanisa la Ireland. Ndiyo sababu kuna orodha za walioingia. Ukikuta jina la wako hapo, usisikitike. Mara nyingi alikuwa akiokoa shamba, na karatasi za kuliokoa ndizo zitakazokupa baba yake.

Wosia za kabla ya 1800 zilizothibitishwa katika mahakama kuu ya kanisa ziliungua, lakini Sir William Betham, aliyekuwa msimamizi wa nembo za Ireland, alikuwa ameshanakili majina na uhusiano uliomo katika karibu zote. Daftari zake zimesalia. Ni B, lakini ni B nzuri sana.

Kama mlango wako ulikwenda ng'ambo, vuka nao. Baada ya mkataba wa Limerick wa 1691 maelfu ya wanajeshi walihamia Ufaransa, wengine Hispania na Austria. Leopoldo O'Donnell, aliyezaliwa Tenerife 1809, alikuwa waziri mkuu wa Hispania na wa kwanza kupewa cheo cha duke wa Tetuán. Maximilian O'Donnell alisaidia kumwokoa Franz Joseph, kaizari wa Austria, alipochomwa kisu Vienna mwaka 1853. Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa, Madrid, ina majalada ya waliojiunga na vyama vya kijeshi kama Santiago, ambao walipaswa kuthibitisha utukufu wa nasaba kwa mashahidi. Yasome kwa furaha na kwa tahadhari: mashahidi mara nyingi walikuwa wakimbizi wenzao, mbali na kwao, bila hati. Vivyo hivyo nasaba zilizotolewa na James Terry, msimamizi wa nembo katika jumba la kifalme la wana Stuart, ukoo wa wafalme wa Uingereza waliokuwa uhamishoni Ufaransa. Ofisa asiye na uthibitisho wa utukufu hakupanda cheo, kwa hiyo shinikizo la kupata karatasi lilikuwa kubwa.

7. Sasa, na si kabla, soma nasaba za kale.
Ireland ina utajiri wa nasaba zilizoandikwa zama za kati. Rawlinson B 502 iliyoko Oxford na Kitabu cha Leinster ni za karne ya 12. Vitabu vya Ballymote na Lecan ni vya mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa ya 15. Leabhar Mór na nGenealach ya Dubhaltach Mac Fhirbhisigh iliandikwa Galway 1649 hadi 1650, na imechapishwa na tafsiri ya Kiingereza. Picha za hati nyingi zipo isos.dias.ie, na maandishi yaliyochapwa yapo kwenye mradi wa CELT wa Chuo Kikuu cha Cork.

Zisome pamoja na tarihi, yaani orodha za matukio mwaka kwa mwaka, kama zile za Ulster na zile za Mabwana Wanne (Annals of the Four Masters). Nasaba inasema fulani bin fulani. Tarihi inasema fulani alikufa mwaka gani. Vikikubaliana, una kitu.

Jaribu hapa. Aodh Rua, maarufu kama Red Hugh, alikufa Simancas, Hispania, 1602. Yeye ni bin Aodh (1600) bin Maghnus (1563) bin Aodh Dubh (1537) bin Aodh Rua (1505) bin Niall Garbh (1439) bin Toirdhealbhach (1423). Hatua sita, miaka 179 kati ya kifo cha kwanza na cha mwisho, karibu miaka 30 kwa kila hatua. Hiyo ndiyo nasaba inayopumua kama watu halisi. Na ona mtego: kina Aodh wanne, wawili kati yao Aodh Rua. Tena kuna Niall Garbh mwingine, aliyefungwa Tower of London mwaka 1609. Watu wazima wenye elimu wamechanganya hawa na kupoteza miaka 150 ndani ya sentensi moja.

Ukipanda zaidi ya hapo, punguza imani kidogo kidogo. Éigneachán, mtawala wa Cenél Conaill, ukoo mkubwa walikotoka kina O'Donnell, aliyekufa 906, ni mtu wa kihistoria. Conall Gulban na baba yake Niall wa Mateka Tisa, wa karne ya 5, tayari wamo katika ukungu wa hadithi. Juu ya Niall mnyororo unakwenda hadi Míl wa Hispania na hatimaye Adamu. Sehemu hiyo ilitungwa na wanazuoni wa kanisa ili kuwaunganisha watu wa Ireland na Biblia. Ipende kama fasihi, usiiandike kama mababu.

Kumbuka pia nani alishika kalamu. Kina Ó Cléirigh walikuwa wanahistoria wa kurithi wa kina O'Donnell, waliopewa ardhi kwa kazi hiyo, na Mícheál Ó Cléirigh ndiye aliyeongoza kazi ya Mabwana Wanne kati ya 1632 na 1636. Nasaba ilikuwa hati ya kudai ardhi. Mwanahistoria wa ukoo hakuwa mwongo, lakini hakuwa shahidi asiye na upande.

8. Pima kila kiungo.
Kwa kila "fulani ni mwana wa fulani", uliza haya:

Je, vyanzo ni viwili, na ni huru? Kitabu cha karne ya 19 kinachonakiliwa na tovuti kumi bado ni chanzo kimoja. Vitabu vya nasaba za kiungwana vya wakati wa Malkia Victoria vilipokea maelezo kutoka kwa familia zenyewe. Viwe dokezo tu.

Je, hesabu inakubali? Kati ya mtu aliyezaliwa 1575 na aliyezaliwa 1840 tarajia vizazi 8 au 9. Shajara yenye vitano imeruka, yenye 14 imebandikwa watu.

Je, mlango huo ulizaa? Hapa ndipo madai mengi ya O'Donnell huanguka kwa dakika moja. Red Hugh hakuacha mtoto. Ndugu yake Ruairí alipewa cheo cha erli wa Tyrconnell (Tír Chonaill kwa Kiingereza) 1603, akakimbia nchi 1607 kutoka Rathmullan pamoja na Hugh O'Neill, akafa Roma 1608. Mwanawe wa kiume, Hugh Albert, alikufa baharini 1642 bila mtoto. Kwa hiyo anayesema ni mzao wa Red Hugh, au wa Ruairí kwa upande wa kiume, ana kosa mahali. Uzao wa kweli wa kiume wa nyumba ya watawala utafute kwenye milango ya pembeni: baba wadogo na wakubwa, wana wao, matumbo madogo, ikiwamo waliohamia Mayo.

Je, ni O'Donnell wale? Kulikuwa na kina Ó Domhnaill wengine wasiohusiana, wa magharibi mwa Clare na wa Galway. McDonnell ni jina jingine, na Donnelly jingine tena.

Je, tarehe ni za kalenda ipi? Waingereza walibaki na kalenda ya kale hadi 1752, na mwaka wao ulianza Machi 25. Kuondoka Rathmullan ni Septemba 4 kwao, Septemba 14 kwa Roma. Hati ya Februari 1640 inaweza kuwa ya 1641 kwa hesabu yetu.

9. Tumia DNA kama shahidi, si hakimu.
Kipimo kinachofaa ni cha kromosomu Y, inayopita kutoka baba kwenda mwana kama jina la ukoo. Apimwe mwanaume mwenye jina hilo kwa mstari wa baba: wewe, baba mdogo au mwana wa baba mdogo. Vipimo vya kawaida vya "asilimia ngapi Ireland" havisemi lolote kuhusu nyumba ya watawala.

Utafiti wa Chuo cha Trinity wa 2006 ulikuta aina moja ya kromosomu Y kwa karibu mmoja kati ya wanaume watano wa kaskazini magharibi, ukaihusisha na Niall wa Mateka Tisa. Tangu hapo, kila mwenye alama ya M222, inayotambulisha aina hiyo, anaambiwa ni mzao wa mfalme. Alama hiyo ipo pia kwa wengi Scotland, na kwa wakulima wa Donegal wa kila jina. Haikufikishi kwa O'Donnell yeyote. Kinachokusaidia ni ulinganisho wa kina na wanaume ambao nasaba yao ya maandishi imeshathibitishwa. Kwa O'Brien hali ni nzuri zaidi, kwa kuwa alama ya L226 imeonekana kuambatana na koo za Dál gCais wa Thomond, walikotoka kina O'Brien.

Matokeo yasiyolingana hayamaanishi mama fulani alikosa uaminifu. Kulikuwa na watoto wa kulelewa, wajane waliorudi na majina, na wafuasi waliochukua jina la bwana wao. Zungumza na wazee wa familia kabla ya kupima, si baada.

10. Andika ripoti yenye mapengo yake.
Chora shajara kwa mstari mzima penye A, vikato penye B, nukta penye C. Palipo wazi, acha wazi.

Kuhusu vyeo na nembo, kwa ufupi

Katiba ya Ireland ya 1937 inakataza dola kutoa vyeo vya kiungwana. Kuanzia miaka ya 1940 ofisi ya msimamizi mkuu wa nembo iliwatambua baadhi ya watu, kwa heshima tu, kama wakuu wa jina. Mwaka 1999 ikalazimika kufuta utambuzi iliompa mtu mmoja 1992 kama mkuu wa MacCarthy, baada ya nasaba yake kuonekana haisimami, na 2003 zoezi lote likasitishwa. Kama ofisi yenye hati na wataalamu iliteleza, usimwamini muuzaji wa cheo. Nembo nayo ilitolewa kwa mtu na uzao wake. Ubao wa sebuleni ni pambo zuri, basi.

Ukikwama

*Simpati kwenye usajili.* Jaribu bila O', jaribu O'Donel, Donnell, O'Donnel. Tafuta kwa jina la mama. Panua miaka mitano kila upande. Kumbuka wengine hawakusajiliwa kabisa miaka ya mwanzo.

*Nina watu wawili wenye jina moja na umri mmoja.* Usichague. Fuata wote wawili hadi mmoja afe, aoe au ahamie ng'ambo. Wasimamizi wa ubatizo na mabano ya mthamini ndivyo vitakavyowatenganisha.

*Kitongoji hakipo kwenye ramani.* Huenda ni jina la kienyeji la kipande cha kitongoji, au karani alisikia Kigaeli akaandika alichoweza. Lisome kwa sauti, kisha tafuta majina yanayofanana ndani ya parokia hiyohiyo tu.

*Nimefika 1790, hakuna zaidi.* Uko sawa na watafiti wengi wazuri. Geukia mwenye ardhi: karatasi za shamba kubwa, orodha za wapangaji, mikataba ya maisha matatu (upangaji unaodumu mpaka watu watatu waliotajwa wafe), ambayo hutaja watoto wa mpangaji kwa majina na umri. Nyingi ziko Maktaba ya Taifa, nyingine Belfast. Angalia pia virtualtreasury.ie, mradi uliofunguliwa 2022 kukusanya nakala za vilivyoungua.

*Mtu ameweka mtandaoni shajara inayotufikisha hadi Conall Gulban.* Shuka nayo mpaka ufike karne ya 18, kisha uliza kila kiungo kina hati gani. Ukikuta watu watatu mfululizo wasio na mahali, wasio na mke na wenye tarehe za "karibu na", hapo ndipo bonde liliporukwa. Mwandikie mwenye shajara kwa adabu umwulize chanzo. Mara nyingine anacho, tena ni Biblia ya familia ambayo hakuna maktaba imewahi kuiona. Akiwa nayo, omba picha ya ukurasa wa majina na ukurasa wa mwaka wa kuchapwa. Majina ya 1720 yaliyoandikwa kwa wino mmoja ndani ya Biblia ya 1850 ni simulizi, yaingie C.